Grafu Ikishuka, Nani Anapiga Makofi?

Mwalimu mkuu alibandika karatasi ya manila ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akatugeukia sisi wazazi akiwa amejaa fahari. Kwenye karatasi palikuwa na grafu ya mstari iliyochorwa kwa kalamu nene ya bluu: miaka imepangwa chini, wastani wa agrigeti za PLE, yaani jumla ya alama za kila mtoto katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, umepandishwa pembeni. Mstari ulianzia juu kushoto, kwenye ishirini na kitu, ukateremka mwaka hadi mwaka mpaka chini kulia, kwenye kumi na kitu. Walimu wakapiga makofi. Wazazi wa viti vya mbele wakafuatia.

Mzee mmoja wa nyuma, mwenye koti zito licha ya joto letu la hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Shule inaporomoka hivi, mbona mnajipigia makofi?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Mwalimu mkuu, ambaye ni mtu wa adabu, akamweleza taratibu. "Mzee wangu, PLE haihesabiwi hivyo. Agrigeti nne ndiyo bora kabisa, thelathini na sita ndiyo mbaya kabisa. Kwetu sisi, kushuka ndiyo raha." Mzee akaitikia kwa kichwa, akaketi, na kikao kikahamia kwenye michango ya uji.

Nilikuwa pale kama mzazi tu. Lakini riziki yangu naipata kwa kufundisha hesabu S.1 na S.2, yaani kidato cha kwanza na cha pili, katika shule nyingine ya hapa hapa mpakani, na kicheko kile kilinifuata hadi darasani. Wiki zikapita, na kila nilipochora mihimili miwili ubaoni nilimsikia yule mzee.

## Alisoma kama tunavyosoma sote

Alichofanya mzee ndicho anachofanya kila mtu mbele ya grafu: aliangalia mwelekeo kabla ya namba. Nimewatazama wanafunzi wangu muda mrefu. Macho huenda kwenye mstari kwanza, na mpaka uwalazimishe ndipo yahamie pembeni kusoma kilichoandikwa kwenye mhimili. Wakati huo moyo umeshaamua kama habari ni njema au mbaya.

Tena wengi waliokuwa ukumbini, hasa akina mama, hawakukutana na grafu yao ya kwanza shuleni. Walikutana nayo kliniki, kwenye kadi ya mtoto. Nesi anaweka nukta ya uzito juu ya umri wa miezi, safari ijayo anaweka nyingine, anaziunganisha. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, nesi anakunja uso. Ukishuka, mama haondoki pale bila mahubiri ya lishe. Ni somo zuri la grafu, pengine zuri kuliko langu, kwa sababu linamhusu mtu unayempenda. Ila linakuachia imani moja kichwani, kwamba kupanda ni heri.

Kisha mtoto yule yule anafika P.7, darasa la saba, anafanya PLE ya masomo manne, kila somo linapewa alama ya 1 hadi 9, na ghafla heri imehamia chini. Akifika S.4 anakuta jambo jingine tena: kundi la kwanza la mtaala mpya, ule ulioanza mwaka 2020, lilifanya UCE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2024, na matokeo yake yanatolewa kwa herufi, A hadi E. Nyumba moja, mtoto mmoja, na kila karatasi ina juu yake na chini yake.

Na hakuna popote katika safari hiyo anapofundishwa kuuliza: juu ni upande gani?

## Mtu wa kwenye duara

Mada ya kukusanya na kuwasilisha takwimu iko kwenye muhtasari wa S.1, na shule za msingi zimeshaigusa kabla. Maswali tunayoyajua sote. Mfanyakazi anapata shilingi 720,000 kwa mwezi. Kwenye grafu ya duara, chakula kimechukua nyuzi 120, kodi ya nyumba 90, karo 100, na sehemu iliyobaki ni akiba. Tafuta akiba. Mtoto anajumlisha, anatoa kwenye 360, anapata nyuzi 50, anagawa, anazidisha, anaandika 100,000. Tunaweka vema.

Hakuna anayeuliza huyu bwana anayelipa karo laki mbili kila mwezi na bado anaweka laki moja anaishi mtaa gani. Wengi tungependa kuhamia.

Sitaki kuibeza kazi hiyo. Kusoma skeli ni kugumu kuliko tunavyokumbuka sisi tuliokwisha kuzoea. Sentimita moja ikisimamia magunia matano, na nguzo ikaishia katikati ya mistari miwili, utapata majibu ya kila namna. Kuna wanaohesabu mistari badala ya nafasi zilizo katikati yake. Kuna wanaoona samaki nusu kwenye grafu ya picha wakaandika "samaki nusu" ilhali kila samaki mzima amesimama badala ya kilo ishirini. Darasa likiwa limejaa hadi dirishani, kufikisha watoto wote mahali pa kusoma "mwezi wa Aprili ni magunia mangapi" ni ushindi halisi, na mimi huusherehekea.

Tatizo ni kwamba tukishafika hapo tunafunga daftari.

## Bei ya mahindi

Siku moja sikulifunga. Nilichora ubaoni umbo tu la bei ya mahindi kwa mwaka, kama tunavyoliona sokoni: inapanda kuanzia Aprili, inafika kileleni kabla ya mavuno, kisha mavuno ya kwanza yanaingia mnamo Julai na Agosti na mstari unaporomoka. Sikuandika namba hata moja. Nikauliza, "Hii sehemu inayoshuka ni habari njema au mbaya?"

Wakanyamaza, kila mmoja akitafuta usoni mwangu jibu ninalolitaka.

Kijana mmoja ambaye kwao wanalima akasema ni msiba, kwa sababu baba yake huuza wakati huo huo, hana ghala la kusubiria. Msichana aliyekaa mbele yake akageuka kama aliyetukanwa. Mama yake anapika posho, yaani ugali, na maharage kwa watu wa boda, na kwao Agosti ndiyo mwezi wa kupumua. Wakabishana vizuri, kwa kuonyesha vidole ubaoni, na nikawaacha.

Ndipo mtoto wa dalali, ambaye kwa kawaida husinzia kipindi changu, akainua kichwa. "Mwalimu, baba hajali inapanda au inashuka. Anaangalia bei ya huku na bei ya ng'ambo."

Nikamwita aje achore. Akachora mstari wa pili juu ya ule wangu, bei ya upande wa Kenya, kisha akatia kivuli kwenye nafasi iliyo katikati. "Baba anakula hapa," akasema.

Miaka yote ninayofundisha grafu nimekuwa nikifundisha kusoma mistari, na huyu alikuwa anasoma nafasi. Tukaendelea na lake. Nikawakumbusha Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, malori yakakwama hapa mpakani, na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Walikuwa wadogo, lakini foleni ya malori waliiona. Mistari ile miwili ingefanya nini wiki ile? Wote wakaona: mahindi yakikosa njia, huku yanarundikana na bei inalala, kule yanaadimika. Nafasi inapanuka, na bado yule baba dalali hali kitu, maana hawezi kuvuka. Grafu nono, mfuko mtupu.

Sikuwahi kupata kipindi cha takwimu chenye kelele nyingi namna ile.

## Sifuri iko wapi

Kuna kanuni moja ambayo walimu tunaipenda kwa sababu ni fupi: mhimili wa wima uanzie sifuri. Niliifundisha hivyo mpaka nilipotaka kutumia Ziwa Victoria.

Kina cha ziwa hupimwa kwa kipimo cha Jinja. Oktoba 2019 kilisoma takribani mita 12. Mwisho wa Aprili 2020 kilisoma 13.32, na Mei mwaka huo kikaipita rekodi ya 13.41 iliyokuwa imesimama tangu 1964. Chora hayo kuanzia sifuri, sentimita moja kwa kila mita, utapata mstari uliolala juu kabisa ya ukurasa ukiwa umeinama kidogo tu, kama sentimita moja na ushee. Mtu aliyeiona nyumba yake ya mwaloni ikiingiliwa na maji atakuuliza unamchezea nani. Zaidi ya hayo, sifuri ya kipimo kile si sakafu ya ziwa. Penye kina kirefu ziwa lina mita themanini hivi. Ni alama tu ya kuanzia.

Anzia mita 12, na mafuriko yanaonekana.

Lakini usithubutu kufanya hivyo kwa nguzo. Nguzo huongea kwa urefu wake, na ukiikata miguu inasema uongo: mwezi wa mita 13.2 utasimama mara sita ya mwezi wa mita 12.2, ilhali ziwa limeongezeka mita moja tu. Kwa hiyo nguzo ianzie sifuri, mstari si lazima. Ni tofauti ya zamani. Mskochi William Playfair, aliyechapisha grafu za mistari za biashara ya Uingereza mwaka 1786, alijikuta hana takwimu za Uskochi za miaka mingi, ana za mwaka mmoja tu. Hakuwa na cha kuunganisha, basi akachora nguzo, moja kwa kila nchi iliyofanya biashara na Uskochi. Duara alilileta baadaye, mwaka 1801. Mstari unadai wakati, nguzo inaridhika na vitu kukaa bega kwa bega. Wanafunzi wangu wanaounganisha kwa mstari "maembe" na "machungwa" na "mapapai" nawauliza, katikati ya embe na chungwa kuna tunda gani?

## Nguzo za sensa

Hili nalipitia haraka, ila sitaki kuliacha kwa sababu namba zake ni zetu sote. Sensa za Uganda: 1969 watu milioni 9.5, 1980 milioni 12.6, 1991 milioni 16.7, 2002 milioni 24.2, 2014 milioni 34.6, 2024 milioni 45.9. Kila anayezichora hupanga nguzo sita kwa nafasi sawa. Ukitazama hatua mbili za mwisho, zinakaribia kulingana: milioni 10.4 imeongezeka mara ya kwanza, milioni 11.3 mara ya pili.

Soma tena miaka. Hatua ya kwanza ilichukua miaka 12, ya pili 10. Gawa, na unapata karibu watu 870,000 kwa mwaka kabla ya 2014, na milioni 1.13 kwa mwaka baada yake. Kumbe mwendo umebadilika sana, na nafasi sawa kati ya nguzo ndizo zilizouficha.

Halafu mwanafunzi mmoja akataka asilimia. Ukichukua asilimia, ongezeko la kwa mwaka limetoka 3 hadi 2.9. Limeshuka! Watu wanaoongezeka kila mwaka ni wengi zaidi, na kasi ni ndogo zaidi, na yote mawili ni kweli kutoka kwenye orodha ile ile. Anayetaka kututisha atachora moja, anayetaka kututuliza atachora nyingine, na hakuna atakayekuwa amedanganya hata tarakimu.

## Swali la muuza mukene

Nimeacha kusimulia sehemu moja ya kikao kile, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kicheko kilipotulia, mama mmoja anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni alisema bila hata kusimama, "Na hao watoto waliofanya mtihani, kila mwaka walikuwa wangapi?"

Mwalimu mkuu akasema idadi hakuja nayo.

Ikaishia hapo. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Nami nilikaa kimya, ingawa nadhani ukumbini mle mimi na yule mama tu ndio tuliojua swali lile linaelekea wapi.

Nililipeleka S.2. Nikawapa watoto kumi wa kubuni, na agrigeti zao: 8, 10, 12, 14, 16, 18, 22, 26, 30, 34. Tafuta wastani. Jumla ni 190, wastani 19. Sasa, nikawaambia, mwaka unaofuata shule haijabadilisha chochote. Walimu wale wale, vitabu vile vile, na watoto wana uwezo ule ule. Ila watatu wa mwisho wamezuiwa P.6 warudie darasa, hawakusajiliwa mtihani. Tafuta tena. Jumla 100, watoto saba, wastani 14.3.

Kutoka 19 hadi 14.3, na hakuna aliyejifunza jambo jipya.

Nikachora nukta mbili, nikaziunganisha. Mstari ule ukateremka kwa uzuri uleule wa karatasi ya manila. Darasa likautazama kwa muda. Kisha msichana wa posho akauliza, "Mwalimu, wale watatu wako wapi?"

Hapo ndipo nilipomrudia mzee wa koti zito kichwani. Tulimcheka kwa kutojua kwamba chini ndiyo juu. Sisi tuliojua, ujuzi wetu ulitufikisha kwenye makofi na ukatuacha hapo. Kujua upande wa heri kulitutosha tusiulize kitu kingine. Yeye angalau alikuwa na wasiwasi.

Baadaye niliulizia, kwa upole, kama mzazi. Watahiniwa walikuwa wamepungua mwaka hadi mwaka. Sababu zinaweza kuwa nyingi. Watu huhama, karo hushinda, shule mpya hufunguliwa jirani. Siwezi kusema ni kwa sababu ya kurudisha watoto madarasa. Ninachoweza kusema ni kwamba grafu ile isingeweza kututenganishia sababu hizo, na mstari wa pili, wa idadi ya watahiniwa, ungechukua dakika tatu kuuchora.

## "Hiyo ni SST"

Mkuu wa idara yetu ni mtu ninayemheshimu, na alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hiyo ni SST, somo la maarifa ya jamii. Hesabu ni kusoma thamani, kukokotoa, basi."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Mtoto asiyejua skeli atajificha nyuma ya maoni. Atatuandikia insha ya bei ya mahindi bila kugusa namba hata moja, na sisi, kwa kumwonea huruma, tutampa alama. Pili, usahihishaji: swali la "kwa nani ni habari njema" walimu wawili watalisahihisha namna mbili. Na wazazi wanalipia matokeo, hawalipii mijadala.

Nilikubaliana naye nusu. Nusu nyingine ni hii: swali la "kwa nani" lina majibu sahihi na yasiyo sahihi, mradi mtoto alazimike kuonyesha kwenye grafu anaposemea. Anayesema mkulima anaumia Julai anipe nukta mbili na tofauti yake. Mtaala mpya wenyewe unataka tuwape watoto hali halisi za maisha watumie walichojifunza. Sioni hali halisi zaidi ya kuulizwa grafu hii inamfaa nani.

Tukaafikiana nitunge swali moja la mwisho wa muhula, la alama nne, tusahihishe wote wawili bila kuonana. Grafu ya bei ya mahindi, namba kamili safari hii. Swali: eleza kwa kutumia grafu ni miezi gani inayomfaa mpishi wa posho na ipi haimfai.

Majibu mengi hayakutusumbua. Lililotugombanisha ni la yule msichana. Aliandika kwamba Juni ni mbaya kwa mama yake na Agosti ni nzuri, akatoa bei zote mbili na tofauti, sawasawa. Kisha akaongeza: "Lakini Agosti wateja wake wanaolima wameuza kwa bei ya chini, hawana pesa, kwa hiyo unga ni rahisi na posho hainunuliwi."

Mkuu wa idara alimpa mbili. Sentensi ya mwisho, alisema, haimo kwenye grafu, na inapinga ile ya kwanza. Mimi nilimpa nne, kwa sababu ndiyo sentensi pekee katika darasa zima iliyokuwa na mtu ndani yake. Tukavutana. Nilipoisoma tena jioni nikaona ana haki: kweli haimo kwenye grafu. Bei haisemi sahani ngapi zimeuzwa.

Nikamrudishia daftari likiwa na tatu, na chini yake nikaandika: grafu gani ingethibitisha sentensi yako ya mwisho?

Ameshachora mihimili, miezi chini, sahani pembeni, na ameanzia sifuri bila kuambiwa. Namba anazikusanya kwa mama yake kila jioni. Mkuu wa idara amesema zikifika, atazisahihisha yeye.